Siku Nilipompaka Ba Rangi Bila Kumuuliza

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mwezi Machi nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilikimbia kutoka dukani kwa Bwana Jayanti hadi nyumbani kwetu bila kugeuka nyuma, shavu moja la kijani na jingine la buluu, na watu niliopishana nao njiani walikuwa wakicheka kwa kudhani nakimbia kwa furaha. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo hata leo, pamoja na mvi hizi, nikilikumbuka natazama chini. Kaa hapo nikusimulie. Mwisho wake ni wa kucheka, usiogope, lakini huwezi kufika Mpwapwa bila kupanda mlima.

Tulikuwa tunakaa Gulwe, kijiji cha stesheni. Wengi wetu tulikuwa Wagogo, wakulima na wafugaji, lakini reli ina tabia ya kuleta watu wa kila namna, na miongoni mwa walioletwa na reli ilikuwa familia ya Bwana Jayanti, Wahindi wa dini ya Kihindu. Walikuwa na duka la vitambaa na vitu vya nyumbani karibu na stesheni. Barazani pake mkewe, Dada Hansa, alikuwa na vyerehani viwili, kimoja akishonea mwenyewe na kingine akinifundishia mimi. Alinifundisha kukata suruali, kuweka zipu, kukunja pindo. Kazi yote niliyokuja kuifanya maishani ilianzia barazani pale, na hata ada za shule za mama yako zilitoka kwenye mikono iliyofundishwa na Dada Hansa.

Ndani ya nyumba ile alikuwamo mama yake Bwana Jayanti. Kijiji kizima tulimwita Ba, kama walivyomwita wanawe, maana kwao Ba ni mama. Alikuwa mwembamba, mpole, mjane wa miaka mingi, na sikuwahi kumwona amevaa nguo yenye rangi. Sari yake ilikuwa nyeupe Jumatatu, nyeupe Jumapili. Wakati ule, kwa watu wa kwao, mwanamke aliyefiwa na mume aliweka kando nguo za rangi, bangili, na ile alama nyekundu ambayo mke huipaka kwenye njia ya nywele katikati ya kichwa. Siku hizi wengi wao wameiacha desturi hiyo, lakini Ba aliishika. Nasi tulimzoea hivyo, kama unavyouzoea ukuta uliopakwa chokaa.

Mimi nililelewa na bibi yangu, Bibi Nzala. Jina hilo kwa Kigogo ni njaa, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa, ingawa sijapata kuona mtu aliyependa kulisha wengine kama yeye. Naye alikuwa mjane. Kila mwaka, mvua zikikaribia kwisha, Bibi alimpelekea Ba kapu la mtama mweupe uliochaguliwa punje kwa punje, na Ba alimrudishia majani ya chai na sukari. Kiswahili cha Ba kilikuwa cha kuhesabika, na cha bibi yangu hakikuwa kirefu zaidi, maana yeye lugha yake ni Kigogo. Lakini walikaa pamoja wakinywa chai na kuelewana vizuri kuliko wasomi wengi ninaowasikia redioni.

Mtama ule ulikuwa na kazi yake. Ulikuwa wa Holi.

Holi, mwanangu, ni sikukuu yao ya majira mapya. Dada Hansa alinieleza kwamba kule kwao baridi huwa imekwisha, miti imeanza kuchanua, na ngano iko tayari shambani. Sisi hapa hatuna majira hayo, lakini mwezi uleule huwa mabonde yetu ni ya kijani, uwele umetoa masuke na ng'ombe wamenenepa, kwa hiyo hata asiyejua kitu anaweza kuelewa kwa nini mtu afurahi. Sikukuu ina siku mbili. Ya kwanza ni ya moto na ya pili ni ya rangi. Miaka mingine walikuja ndugu zao kutoka Mpwapwa, wakajaa uani, na sisi tulisikia vicheko tu kutoka nje. Mwaka huo mvua ilikata barabara, na ndugu hawakufika. Dada Hansa aliniambia, "Nyemo, Holi ya watu watano ni kama ngoma ya mtu mmoja. Njoo ucheze na sisi. Alika na wenzako."

Siku ya kwanza nilikwenda na Bibi. Jua likizama, waliwasha moto mkubwa nyuma ya duka. Waliuzunguka polepole huku wakimwaga maji kidogo kidogo chini, wakatupia nazi, tende, na bisi. Bisi zenyewe zilikuwa za ule mtama wa bibi yangu! Ba alikuwa amezikaanga mwenyewe mchana kwenye karai, zikapasuka nyeupe kama maua. Alipozitupa motoni alimtazama bibi yangu na kumwinamishia kichwa, na bibi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha mambo ya moyoni, alipangusa jicho akasingizia moshi.

Ndipo Ba akatusimulia, Dada Hansa akitafsiri, habari ya mfalme mmoja aliyejiona Mungu na kutaka watu wote wamsujudie. Mwanawe alikataa. Mfalme alikuwa na dada aitwaye Holika, ambaye moto haukuweza kumdhuru, akamwamuru ampakate kijana na kuketi naye katikati ya moto. Kijana akamwita Mungu wake. Aliyeungua ni shangazi, kijana akatoka mzima. Mimi binti wa kanisani nikamkumbuka Shadraka na wenzake waliotupwa tanuruni wasiungue, nikasema kwa sauti, "Mbona hata sisi tunayo ya namna hiyo!" Watu wakacheka. Ba akasema kwa Kiswahili chake, "Moto moja. Jina mingi." Nikalala na maneno hayo.

Asubuhi yake ndiyo ikawa siku ya rangi. Nilikuta sinia nne zimepangwa barazani: unga mwekundu, wa kijani, wa buluu, na wa manjano. Dada Hansa alinipaka shavu la kwanza na kuniambia maneno ambayo huambiana siku hiyo: "Usikasirike, leo ni Holi." Alinieleza kwamba siku hiyo tajiri na maskini hupakana, waliogombana hupatana, na baada ya nusu saa huwezi kujua nani ni nani, maana wote mmekuwa rangi moja ya fujo. Kisha akanivuta kando, akanong'ona, "Ba huwa hachezi. Atakaa kwenye kiti chake atutazame. Wewe usimpake."

Nilisikia, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikusikia.

Tukacheza. Bwana Jayanti, mtu mzito aliyekuwa akipima kitambaa bila kutabasamu, alimwagiwa ndoo ya maji ya rangi na mkewe, akalia kama mbuzi. Wasichana wenzangu wawili walipita wakienda kuchota maji kwenye bomba la stesheni, wakasimama kututazama. Unajua mtu akitazamwa anavyokuwa. Nikaanza kuringa, kurusha rangi juu, kuita majina ya watu. Mmoja wao akasema kwa Kigogo, "Wote umewaweza, ila yule bibi mweupe humwezi. Unamwogopa."

Nikachukua sinia ya unga mwekundu. Nikamwendea Ba kwa nyuma, alipokuwa ameketi anacheka akimtazama mjukuu wake, nikaimimina yote kichwani mwake. Nikapiga kelele, "Usikasirike, Ba, leo ni Holi!"

Unga ule ulitelemka katikati ya kichwa, pale njia ya nywele inapopita, pale alipokuwa akipaka alama ya ndoa yake enzi za mumewe. Kisha ukamwagikia begani, kwenye sari nyeupe.

Hakuna aliyecheka. Dada Hansa aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bwana Jayanti alisimama akichuruzika maji, akanitazama kana kwamba hajapata kuniona maishani. Ba mwenyewe aliinuka taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Hata wale wenzangu walionichochea walichukua ndoo zao wakaondoka. Ndivyo walivyo wachochezi, mwanangu: moto ukiwaka, wao wana safari.

Nami nikakimbia.

Bibi Nzala nilimkuta nje ya nyumba yetu ya tembe, akipepeta. Nilimweleza huku nikilia, lakini hata katika kulia nilikuwa najitetea. Nikasema nilitaka afurahi. Nikasema Wahindi wenyewe ndio wanaosema mtu asikasirike siku hiyo. Nikasema amekaa na nguo nyeupe miaka yote, kosa liko wapi akipata rangi siku moja?

Bibi aliweka ungo chini. Akaniuliza, "Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza, Bibi."

"Ulimpaka ili yeye afurahi, au ili wale wasichana wakuone?"

Nikaanza kuokota punje zilizomwagika kutoka ungoni.

"Basi sikia," akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia hicho. Babu yako alipokufa, kila mtu alijua kuliko mimi ninavyopaswa kulia, ninavyopaswa kunyamaza, na siku ninayopaswa kuacha. Hakuna aliyeniuliza. Na hayo maneno ya usikasirike, hayakuwa yako kuyasema. Ni maneno ya kuombea msamaha. Wewe umeyatumia kujisamehe mwenyewe kabla hata mwenye kuumia hajageuka akuone."

Nikataka kwenda kunawa. Akanizuia. "Nawa mikono tu. Uso acha hivyo hivyo. Tunakwenda sasa hivi. Jipu halingojwi liote mizizi."

Nilimfuata nikiwa nimejifunika upande wa khanga. Dukani tulimkuta Bwana Jayanti mlangoni, amekwisha badilisha shati. Alimwamkia bibi yangu kwa heshima, "Shikamoo, Bibi," lakini hakuondoka mlangoni. Akasema, "Leo mama hapokei wageni. Na huyu binti, kuanzia kesho, asije."

Nilikiona cherehani changu pale barazani, na kitambaa nilichokuwa nimekiacha chini ya sindano.

Bibi yangu alijibu, "Marahaba, mwanangu." Kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza, akanyoosha miguu. "Nitangoja. Mimi sina treni ya kuwahi."

Bwana Jayanti hakujua la kufanya. Utamfukuzaje bibi wa watu aliyekuletea mtama jana? Akaingia, akatoka, akaingia tena. Hatimaye mlango wa ndani ulifunguliwa na Ba akatoka mwenyewe.

Hakuwa ameoga. Nywele zake zilikuwa bado nyekundu, sari yake bado nyekundu begani. Macho yalikuwa yamevimba. Nilipiga magoti palepale, nikasema, "Shikamoo, Ba. Nimekukosea. Dada Hansa aliniambia nisikupake nami nikafanya kusudi. Si Holi iliyokosa, ni mimi."

Ba akaanza kusema kwa lugha yake, na Dada Hansa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akawa anatafsiri kwa sauti iliyokuwa ikikatika.

"Nimekuwa mbele ya kioo tangu uondoke," Ba alisema. "Sijaona rangi hii kichwani mwangu tangu alipokufa mume wangu. Asubuhi ya Holi yeye alikuwa wa kwanza. Alinivizia jikoni, nami nilijifanya sijamsikia. Leo nilipohisi mkono nyuma yangu, kwa sekunde moja nilidhani ni yeye. Ndiyo maana nimelia. Hasira nimekuwa nayo, lakini kidogo. Zaidi nilikuwa na yeye."

Bibi yangu alinyoosha mkono akamshika Ba kidole kimoja tu, kama mtoto anavyoshika.

Kisha Ba akaendelea, na mara hii kwa Kiswahili, akinielekezea mimi. "Wewe hapana uliza. Kama uliza, mimi sema hapana, basi hapana. Kama uliza, mimi sema ndiyo, basi ndiyo. Miaka mingi watu yote najua Ba hapana cheza. Lakini hapana mtu moja nauliza Ba." Akaelekeza mkono kwenye sinia. "Sasa uliza."

Sikuamini masikio yangu. Nikamtazama Dada Hansa, naye alikuwa ameduwaa kama mimi. Nikainuka, nikachukua sinia, nikairudisha, maana ilikuwa ile ile ya unga mwekundu. Nikapiga magoti tena. "Ba, leo ni Holi. Ungependa kupakwa rangi?"

Alizitazama sinia moja moja, kiasi cha mtu kusoma Baba Yetu. Nikajiambia, akisema hapana nitashukuru vilevile.

"Nyekundu hapana," akasema. "Nyekundu ya yeye. Manjano."

Bwana Jayanti akaruka kama aliyekanyaga mwiba. "Mama! Watu watasema nini?"

Ba alimgeukia na kumjibu kwa lugha yao, na nilipotafsiriwa baadaye nilicheka hadi mbavu zikauma. Alimwambia, "Watu gani? Hapa Gulwe Wahindi ni sisi watano, na mmoja bado ananyonya."

Nilichota manjano kwa ncha ya vidole, kidogo tu kama chumvi. Kwanza nikamgusa miguuni, kama nilivyoona Dada Hansa akifanya kwa wakubwa, kisha shavu moja, kisha la pili. Alifumba macho. Alipoyafumbua alichota konzi nzima akanipaka usoni mwote, puani, masikioni, mpaka nikapiga chafya. Halafu akamgeukia bibi yangu. Lakini hakumgusa. Alinyanyua sinia akauliza, "Dada, ndiyo?"

"Ndiyo, dada," bibi yangu akasema, akajivua kilemba kabisa ili rangi ipate nafasi.

Mwanangu, laiti ungewaona! Wajane wawili wazee, mmoja wa kutoka ng'ambo ya bahari na mwingine wa Ugogo, wanafukuzana barazani kwa unga wa manjano, wakishikilia viuno kwa maumivu na kwa kicheko. Bibi yangu akakamata debe tupu la mafuta, akaligeuza, akaanza kulipiga mdundo wa ngoma ya kwetu, na Dada Hansa akacheza. Bwana Jayanti alisimama akijizuia, akajizuia, mwishowe akaenda mbele ya mama yake, akainamisha kichwa, akasema neno moja la kwao. Ba akampaka paji la uso. Nikamwona mtu mzima yule akigeuka ukutani kujifuta machozi, manjano yakamwingia machoni, akaanza kulalamika, nasi tukacheka upya. Treni ilikuwa imesimama stesheni, na abiria walitoa vichwa madirishani kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Kuna harusi hapo?" Bibi yangu akamjibu, "Kubwa kuliko harusi!"

Kesho yake nilirudi kwenye cherehani changu. Hakuna aliyenikataza. Na kila Holi iliyofuata, kwa miaka yote niliyokaa pale, niliuliza kwanza. Mwaka mmoja, palipotokea msiba kwa ndugu zake, Ba alisema, "Leo hapana," nami nikamwinamia, nikakaa naye pembeni tukala bisi. Kwangu siku hiyo nayo ilikuwa Holi kamili.

Sasa nami ni mjane, kama ujuavyo. Babu yako alipofariki, watu wengi wema walikuja kunichagulia huzuni yangu: Bibi asiende harusi, Bibi asiimbe kwaya, Bibi apumzike. Waliyasema kwa mapenzi, siwalaumu. Lakini siku mama yako aliponiuliza, "Mama, wewe mwenyewe ungependa nini?" nilimkumbuka Ba, nikaelewa kile kilichomtoa chumbani.

Nimesikia kwamba ninyi vijana wa vyuo hapa Dodoma sasa mnanunua unga wa rangi na kurushiana viwanjani, hata wasiojua Holi ni nini. Sikukatazi. Nenda ukacheze, uchafuke hadi nishindwe kukutambua. Lakini kabla ya kucheza sikukuu ya watu, waulize ina maana gani kwao, maana kuuliza si ujinga. Kabla ya kunyoosha mkono kwa mtu, mpigie hodi, kwa sababu uso wa mtu ni nyumba yake. Akikataa, usimnunie. Wala usimpite mtu ukisema huyu hachezi, huyu ni mzee, huyu ana msiba, bila kumuuliza, kwa kuwa kumnyima mtu furaha kwa kumdhania ni kosa sawa na kummwagia kwa nguvu. Na ukikosa, rudi upesi, na uso wako uleule uliokosa nao. Usijisamehe kabla ya mwenye haki ya kusamehe.

Mungu akujalie majirani wasiofanana nawe, na moyo wa kubisha milangoni kwao. Akupe mikono inayosubiri ruhusa na miguu isiyosita kwenda kuomba radhi. Furaha ikuandame nyumbani na safarini, na popote utakapobisha, mjukuu wangu, uambiwe karibu. Amina.